Dhamira, Maudhui na Mafunzo: Historia ya Insha ya Mwanafunzi katika Fasihi ya Kiswahili

UTANGULIZI

Kila mwaka mwalimu wa Kiswahili husahihisha mamia ya insha zinazoanza kwa maneno yaleyale: kwamba dhamira ni jambo kuu ambalo mwandishi amekusudia kuifikishia jamii, na kwamba mwandishi huyu amefaulu sana kuonyesha dhamira zifuatazo. Baada ya hapo hufuata orodha: mapenzi, ulevi, rushwa, nafasi ya mwanamke, ukombozi. Kila neno hupewa aya yake fupi, na kila aya humalizika kwa ushauri kwa jamii. Badili jina la kitabu, na insha hiyohiyo itaweza kutumika kwa kitabu kingine bila kuguswa.

Katika makala haya hatukusudii kuwacheka wanafunzi wetu. Twakusudia kuuliza orodha hiyo imetoka wapi. Insha ya namna hii haikuzaliwa na uvivu wa vijana. Ina historia yake, na historia hiyo imepita katika kamati, vyuo vikuu na mabaraza ya mitihani. Mwalimu asiyeijua historia hiyo atamlaumu mtoto kwa kosa lisilo lake.

Swali hili lina uzito wa pekee kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda. Vitabu vingi vya fasihi tunavyovitumia vimetungwa na kuchapishwa Tanzania na Kenya, na pamoja navyo hutujia vitabu vya uhakiki vya nchi hizo. Lakini neno dhamira halina maana moja pande zote mbili. Mwanafunzi aliyesoma vitabu vya huku na huku huingia katika chumba cha mtihani akiwa na neno moja lenye maana mbili, na msahihishaji wake aweza kuwa anaijua moja tu. Alama zinazopotea hapo ni za mtoto, na hana mahali pa kuzidai.

MANENO NA ASILI YAKE

Yafaa tuanze na maneno yenyewe, maana wakubwa walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa.

Neno insha lilitujia kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni kuanzisha au kubuni kitu ambacho hakikuwapo. Neno fasihi linatokana na sifa ya mtu mwenye ulimi safi, asemaye kwa ufasaha. Hivyo lilikuwa sifa ya msemaji kabla ya kuwa jina la vitabu. Maudhui ni kitu kilichowekwa, yaani jambo lililotandazwa mbele ya watu ili lizungumzwe. Dhamira, kwa upande wake, ni kitu kilichofichwa moyoni. Ndugu yake wa karibu ni dhamiri, ile sauti ya ndani inayomsuta mtu atendapo baya. Hata leo mtu akisema kwamba amedhamiria kusafiri, hasemi habari za mada. Asema habari za nia yake.

Tukiyatazama maneno haya mawili pamoja tutaona kwamba hayagombani hata kidogo. Moja lataja kilichowekwa wazi, la pili lataja kilichofichwa ndani. Msomaji huanza na kile kilicho wazi, kisha hutafuta njia ya kukifikia kile kilichofichika. Tunaomba msomaji alishike wazo hili, kwa sababu tutalirudia baada ya kuona jinsi maneno hayo yalivyotumiwa katika nyakati mbalimbali.

ZAMA ZA MAFUNZO

Kiswahili cha shule kilianza kupangwa rasmi katika miaka ya 1920. Mwaka 1925 palikuwa na mkutano wa elimu mjini Dar es Salaam uliozungumzia haja ya kuwa na lugha moja ya shule. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa iwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki: Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kazi yake kubwa ilikuwa kusanifisha tahajia na msamiati, na kuhakikisha kwamba vitabu vya shule vinafuata usanifu huo.

Lakini vitabu vyenyewe vilikuwa wapi? Tenzi na mashairi ya pwani yalikuwapo kwa wingi. Utendi wa Mwana Kupona, kwa mfano, ulitungwa mwaka 1858. Hata hivyo shule za kikoloni zilipendelea hadithi za nathari, na nyingi za hadithi hizo zilikuwa tafsiri kutoka Kiingereza. Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambavyo vyote vilitolewa mwaka 1929, ni mifano inayojulikana sana. Kitabu cha namna hiyo hakikusomwa ili kihakikiwe. Kilisomwa ili mwanafunzi apate msamiati, azoee sentensi ndefu, na aweze kutafsiri.

Insha za wakati huo zilifuata mkondo huohuo. Mwanafunzi aliandika masimulizi ya safari, maelezo ya soko au ya mavuno, barua kwa mjomba, au alipewa methali aieleze kwa kisa. Palipokuwa na swali juu ya kitabu, swali hilo lilikuwa na sehemu mbili: simulia hadithi hii kwa ufupi, na hadithi hii yatufundisha nini? Jibu la sehemu ya pili lilikuwa sentensi moja mwishoni mwa insha. Hilo ndilo tunaloliita hapa mafunzo.

Tusilidharau funzo. Lilikuwa na mizizi miwili yenye nguvu. Mzizi wa kwanza ni ngano zetu za kimapokeo, ambamo bibi amalizapo kusimulia huwauliza wajukuu wamejifunza nini. Mzizi wa pili ni mahubiri na mawaidha, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa chini ya misheni, na katika pwani watu walikuwa wamelelewa na tenzi za maonyo. Shaaban Robert mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa mwandishi wa maadili, na mwaka 1954 alitoa kitabu kiitwacho Kielezo cha Insha, ili kuonyesha jinsi fikira juu ya jambo moja inavyoweza kupangwa kwa nathari safi. Kwa hiyo insha ya Kiswahili ilikuwa na fundi wake mkubwa kabla ya mtihani wowote wa uhakiki kuwapo.

Upungufu wa zama za mafunzo waonekana wazi tukikitazama Kusadikika, kitabu cha mwandishi huyohuyo kilichotolewa mwaka 1951. Humo Karama ashtakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria katika nchi iliyoning'inia angani. Mshtaki wake ni waziri Majivuno. Karama ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kuitafutia nchi manufaa, na jinsi kila mmoja aliporudi alivyolipwa adhabu badala ya shukrani. Msomaji aliyefundishwa kutafuta funzo tu angeweza kukifunga kitabu hicho akisema kwamba haki hushinda dhuluma, kisha akaenda zake. Hakulazimika kuuliza nchi ile ni nchi gani, wala kwa nini elimu ya sheria iwe hatari kwa watawala, wala kwa nini kitabu cha namna hiyo kiandikwe chini ya serikali ya kigeni. Funzo lilikuwa kweli, lakini lilikuwa dogo kuliko kitabu.

DAR ES SALAAM NA ZAMA ZA DHAMIRA

Mabadiliko makubwa yalitokea Tanzania baada ya mwaka 1967. Mwaka huo lilitangazwa Azimio la Arusha, ukatolewa mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Miaka mitatu kabla yake, yaani mwaka 1964, ile Kamati ya zamani ilikuwa imeingizwa katika chuo kikuu mjini Dar es Salaam, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Farouk Topan alianza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili katika chuo hicho, na mwaka 1970 ikaanzishwa Idara ya Kiswahili. Mwaka 1971 Topan alihariri juzuu ya kwanza ya Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, na juzuu ya pili ikafuata mwaka 1977.

Hatua hizi zilileta haja mpya. Huwezi kuhakiki riwaya kwa Kiswahili ikiwa huna maneno ya kuhakikia. Basi katika muda wa miaka kama 15 yalikusanywa, yakasuguliwa na kuzoeleka maneno ambayo leo twayaona kama yamekuwapo siku zote: uhakiki, mhusika, mandhari, fani, maudhui, dhamira, ujumbe, msimamo, mtazamo. F. E. M. K. Senkoro alipotoa kitabu chake Fasihi mwaka 1982, mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kukaa sawa. Kazi ya fasihi iligawanywa katika pande mbili, fani na maudhui. Chini ya fani waliweka muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Chini ya maudhui waliweka dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, mtazamo na falsafa. Katika mpango huu maudhui ni nyumba nzima, na dhamira ni chumba kimoja ndani yake, ingawa ni chumba kikubwa.

Zama hizo zilikuwa za mabishano makali na yenye afya. Wengi wa wahakiki waliamini kwamba fasihi huzaliwa na jamii na matabaka yake; kwa hiyo hawakuridhika kuuliza kitabu kinafundisha nini. Waliuliza kinasema nini juu ya jamii, na mwandishi wake anasimama upande wa nani. Euphrase Kezilahabi, ambaye diwani yake Kichomi ya mwaka 1974 ilizua ugomvi juu ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1976 aliandika tasnifu yake juu ya riwaya za Shaaban Robert kwa lugha ya Kiswahili. Jambo hilo peke yake lilikuwa ushahidi kwamba lugha hii inaweza kubeba uhakiki wa chuo kikuu.

Faida ya zama za dhamira ilikuwa kubwa. Mwanafunzi aliruhusiwa, tena alitakiwa, kujenga hoja. Chukua tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969, ambayo inahusu vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Msomaji wa mafunzo angesema kwamba umoja ni nguvu. Msomaji wa dhamira alipaswa kwenda mbele: umoja huo ulijengwa juu ya imani ya maji, imani hiyo iliwapa watu ujasiri wa kusimama, na imani hiyohiyo iliwapeleka mbele ya bunduki. Naye Kinjeketile, akiwa kifungoni, akataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa neno hilo lingeua kitu kikubwa kuliko yeye katika mioyo ya vizazi vijavyo. Hapo mwanafunzi hana budi kuchagua: je, kukataa huko ni ushujaa, au ni kuendeleza kosa? Swali la namna hiyo lamfanya kijana kuwa mtu mzima.

Basi orodha ilitoka wapi? Maelezo yake yamo katika mambo matatu.

Kwanza, wingi wa watahiniwa. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na mwaka 1973 ikaunda baraza lake yenyewe. Kadiri shule zilivyoongezeka, ndivyo karatasi zilivyoongezeka, na ndivyo wasahihishaji walivyokuwa wengi. Wasahihishaji wengi hawawezi kutenda haki bila mwongozo mmoja wa kusahihishia. Mwongozo huo hauna budi kuhesabu, na kitu rahisi kuhesabu ni hoja: hoja tatu katika kitabu hiki, hoja tatu katika kile. Mwanafunzi mwerevu aliona upesi kwamba hoja sita fupi zina faida kuliko hoja moja iliyofikiriwa mpaka mwisho.

Pili, mpango wa fani na maudhui, ambao kwa waliouunda ulikuwa chombo cha kutafutia, shuleni ukawa fomu ya kujaza. Penye nafasi ya migogoro lazima uandike migogoro, penye nafasi ya falsafa lazima uandike falsafa, hata kama kitabu chenyewe hakina cha kusema hapo.

Tatu, vijitabu vya miongozo. Pale swali linapotabirika, jibu huuzwa. Kijana mwenye fedha kidogo hununua mwongozo wa kurasa 60 badala ya riwaya ya kurasa 200, na kwa hesabu ya mtihani hakukosea.

KENYA NA ZAMA ZA MAUDHUI

Nchini Kenya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko, kwa muda mrefu, Kiswahili kilikuwa somo ambalo shule nyingi hazikulipa uzito. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka 1980 Kenya ikaunda Baraza lake la Mitihani. Tume ya Mackay ilipotoa taarifa yake mwaka 1981 ilipendekeza mfumo mpya wa elimu, ambao ulijulikana kama 8-4-4 na ulianza mwaka 1985. Katika mfumo huo Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Mtihani wa kwanza wa kidato cha nne wa mfumo huo ulifanywa mwaka 1989. Ghafla kila mtahiniwa wa sekondari alihitaji kitabu cha fasihi, na kila mwalimu alihitaji maneno ya kukizungumzia.

Katika mazoea yaliyokua huko, maudhui ni yale mambo yanayozungumziwa katika kazi: ufisadi, elimu, ndoa, ukoloni. Dhamira ni lengo la mwandishi, ile nia iliyomsukuma kuandika. Vitabu vya K. W. Wamitila, hasa Uhakiki wa Fasihi wa mwaka 2002 na Kamusi ya Fasihi wa mwaka 2003, viliwapa walimu wengi msingi madhubuti wa istilahi kuliko ule waliokuwa nao. Mtahini wa Kenya akitaka orodha ya mambo yanayojadiliwa huuliza juu ya maudhui. Mtahini wa Tanzania akitaka jambo hilohilo huuliza juu ya dhamira.

Ni upande gani uliokosea? Kwa maoni yetu, hakuna. Mazoea ya Kenya yamelinda maana ya asili ya dhamira kama nia. Mazoea ya Tanzania yamelipanua neno hilo kutoka nia ya mtu hadi wazo linaloishi katika kazi yenyewe, na hilo lina hekima yake, kwa kuwa mwandishi hufa na nia yake, lakini kitabu hubaki na wazo lake. Lugha hai hufanya hivyo. Lakini mtihani si mahali ambapo neno laweza kuachwa litembee lipendavyo.

MAHALI PETU

Na Uganda je? Historia yetu na Kiswahili ni historia ya kuitwa na kufukuzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika shule, na pendekezo hilo lilipingwa vikali, hasa Buganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 lugha hii iliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa kwa mafunzo ya shule, ikabaki hasa kwa askari na polisi, na katika masoko. Tena yafaa tukumbuke ajabu moja: mwaka 1952 makao ya ile Kamati ya Kiswahili yalihamishiwa Chuo cha Makerere, Kampala, na yalikaa hapo mpaka mapema katika miaka ya 1960. Basi kwa muda wa miaka kama 10, kitovu cha uchunguzi wa Kiswahili kwa nchi zote hizi kilikuwa katika nchi ambayo shule zake zilikuwa zimekifungia mlango.

Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya serikali ya kijeshi, na tangazo la namna hiyo halikukiongezea wapenzi. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa upande wa mitihani, tulipoachana na Jumuiya tulijenga Baraza letu wenyewe, na sheria yake ilipitishwa mwaka 1983.

Matokeo yake ni kwamba tumerithi tabia za pande zote mbili bila kurithi mabishano yaliyozizaa. Mwalimu aliyesoma Dar es Salaam hufundisha chumba kimoja kwamba dhamira ni wazo kuu. Mwalimu aliyetumia vitabu vya Nairobi hufundisha chumba cha pili kwamba dhamira ni lengo la mwandishi. Wanafunzi wao hukutana katika mtihani mmoja. Ukiulizwa ueleze dhamira ya kitabu, kijana wa kwanza ataandika wazo na ushahidi wake. Wa pili ataandika kwamba mwandishi alitaka kuihimiza jamii. Wote wawili wametii walimu wao.

INSHA YENYEWE

Historia isiyotusaidia darasani kesho asubuhi ni pambo. Kwa hiyo tunatoa hapa mambo machache tunayoyaona kuwa na manufaa, bila kudai kwamba ni mapya.

Jambo la kwanza ni kumfundisha mwanafunzi kupambanua hatua tatu: jambo, kauli na ushahidi. Jambo ni kile kilichowekwa mezani, nalo huweza kutajwa kwa neno moja: malezi, dhuluma, imani. Kauli ni kile ambacho kitabu kinasema juu ya jambo hilo, nayo haiwezi kutajwa kwa neno moja. Lazima iwe sentensi kamili yenye kitenzi. Ushahidi ni tendo, neno au mpango wa kitabu unaoibeba kauli hiyo. Insha ya orodha huishia katika hatua ya kwanza, kisha huruka moja kwa moja hadi ushauri kwa jamii.

Jambo la pili ni kipimo cha kauli. Kauli nzuri ni ile ambayo mwanafunzi mwenzake aliyesoma kitabu kilekile aweza kuikataa kwa sababu. Hakuna atakayekataa kwamba katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971, mna habari za malezi. Kwa kuwa hakuna wa kukataa, hakuna kilichosemwa bado.

Tutazame mfano. Mwanafunzi wa kwanza aandika hivi: Dhamira nyingine ni malezi. Mwandishi ameonyesha malezi mabaya. Zakaria alimlea Rosa kwa ukali sana. Hivyo wazazi wanashauriwa kuwalea watoto wao vizuri.

Mwanafunzi wa pili aandika hivi: Katika riwaya hii ukali wa mzazi haumlindi msichana, bali humwacha bila silaha. Zakaria amzuia binti yake asiwe na habari na wavulana, lakini hamfundishi lolote juu yao. Tena yeye mwenyewe ni mlevi, hana mwenendo ambao binti aweza kuuiga. Rosa akiisha kuwa mbali na fimbo ya baba, hana kitu moyoni kinachoshika mahali pa fimbo hiyo. Kwa hiyo maangamizi yake hayaanzi alikokwenda kusoma. Yalianza nyumbani, siku ukimya ulipoitwa malezi.

Aya hii ya pili ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini haina maneno magumu. Tofauti ni kwamba inasema kitu, na kitu hicho kimetoka katika kitabu hiki na si kingine. Msomaji mwingine aweza kujibu kwamba Rosa naye alikuwa na uchaguzi wake. Hapo darasa limeanza kuwa darasa. Tukumbuke pia kwamba riwaya hiyo ilipata kuzuiwa katika shule za Tanzania, na baadaye ikarudi kusomwa humo. Kitabu kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa juu yake. Aliyekisoma kwa kutafuta funzo aliona uchafu. Aliyekisoma kwa kutafuta wazo aliona onyo kwa wazazi.

Jambo la tatu lahusu fani. Wako waliofananisha fani na kikombe, na maudhui na chai iliyomo. Mfano huo ni rahisi kukumbuka, lakini hudanganya, kwa maana chai yaweza kumiminwa katika kikombe kingine ikabaki chai ileile. Hebu mimina wazo la Kusadikika katika chombo kingine. Ondoa mahakama, ondoa wale wajumbe sita wanaorudi mmoja baada ya mwingine na kuadhibiwa mmoja baada ya mwingine. Utabaki na nini? Kule kurudiarudia ndiko kunakotwambia kwamba adhabu haikuwa bahati mbaya, bali ni desturi ya utawala. Basi mwanafunzi aandikapo juu ya dhamira na auruhusu muundo wa kitabu uwe shahidi wake.

Jambo la nne ni la usalama wa mtahiniwa. Maadamu istilahi hazijaunganishwa, mwanafunzi na afundishwe maana zote mbili waziwazi, na aandike katika aya ya kwanza ya insha yake sentensi moja ya kusema jinsi anavyolitumia neno. Kwa mfano: katika insha hii dhamira ina maana ya wazo kuu ambalo kazi hii inalijenga. Sentensi hiyo haigharimu kitu, na humnyima msahihishaji kisingizio.

HITIMISHO

Tumeona kwamba insha ya mwanafunzi juu ya kitabu imepita katika zama tatu, na kila zama ziliacha kitu. Zama za mafunzo zilituachia imani kwamba hadithi ina jambo la kutuambia. Zama za dhamira zilituachia haki ya kubishana juu ya jambo hilo. Zama za maudhui zilituachia utaratibu wa kulitaja na kulipanga. Orodha tuipatayo katika madaftari ni mabaki ya zama zote hizo, baada ya haraka ya mtihani kuondoa fikira na kuacha majina.

Kutoka maudhui kwenda dhamira, kwa mujibu wa asili ya maneno yenyewe, ni kutoka kwenye kilichowekwa wazi kwenda kwenye kilichofichwa ndani. Safari hiyo ndiyo insha. Walimu wa pande zote mbili za mpaka waweza kukubaliana juu yake, hata kama hawajakubaliana juu ya majina ya vituo vyake.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo mawili kwa chama chetu. Kwanza, iteuliwe halmashauri ndogo ya walimu wa sekondari na wa vyuo, iandike karatasi moja ya istilahi za fasihi, ikionyesha wapi matumizi ya Tanzania na ya Kenya yanatofautiana, na ipelekwe kwa watunga mitihani kabla ya maswali kutungwa. Pili, karatasi hiyo ipelekwe pia kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo ilianza kazi Zanzibar mwaka 2015, kwa kuwa kazi ya namna hii ndiyo iliyoifanya jumuiya yetu iwe na chombo cha lugha. Mwaka 1930 nchi zetu ziliweza kuketi pamoja zikakubaliana juu ya tahajia, tena chini ya watawala wa kigeni. Haitakuwa vigumu kwetu kukubaliana juu ya neno moja.

Wakati karatasi hiyo inangojewa, walimu wenzetu, tuwaulize wanafunzi wetu swali moja zaidi kila wanapotuletea orodha. Wakisema kwamba kitabu kinazungumzia malezi, tusiweke alama ya ndiyo upesi. Tuwaulize: kinasema nini juu ya malezi? Kisha tuwape muda wa kujibu.